Ukuta wa Bwana Mfaume na Mirunda Iliyoziba Mpira

Kazi rahisi kuliko zote katika ujenzi ni kubomoa, na ndiyo iliyowamaliza watu wengi niliowafahamu. Mpe kijana yeyote nyundo kubwa na chai nzito ya asubuhi, adhuhuri ukuta uko chini na yeye anacheka. Kicheko kinaisha mwenye nyumba akiingia, akatazama juu, akauliza: "Fundi, mbona bati limekaa hivyo?"

Mimi sasa nimestaafu. Magoti yamegoma kupanda ngazi, na fundi mwashi asiyepanda ngazi ni mshauri tu, na mshauri halipwi. Nakaa zangu hapa Nachingwea nikiwaangalia nyinyi vijana mnavyopita na pikipiki, ndoo na miko imefungwa nyuma. Kazi zenu si kama zetu. Sisi tulijenga nyumba mpya. Nyinyi mnaitwa kufungua nyumba za zamani, kwa sababu watu wameona kwenye simu sebule iliyoungana na jiko, nao wanataka hivyo hivyo katika nyumba aliyoacha marehemu baba. Mtaulizwa bei kabla hamjashuka kwenye pikipiki. Msijibu. Shukeni kwanza, niwasimulie ya Bwana Mfaume.

Bwana Mfaume alikuwa mkulima wa ufuta kule Ruangwa, mtu mnene, mcheshi, anayependa mpira kuliko chakula, na chakula anakipenda sana. Mwaka huo ufuta ulimkubali. Akaamua kwamba hela hazitaishia kwenye shamba jingine. Nyumba yake iko karibu na barabara, sebule iko mbele, na nyuma ya sebule kuna chumba kikubwa cha wageni. Akapiga hesabu: ukiondoa ukuta wa katikati, unapata ukumbi. Weka runinga kubwa na king'amuzi, panga mabenchi, watu walipe kiingilio, watazame mpira. Kwetu huko timu ya nyumbani ikicheza hata anayechota maji anasimama. Wazo lilikuwa zuri, nami sikulipinga.

"Ukuta mmoja tu, Fundi," aliniambia, akiupigapiga kama mtu anayempongeza ng'ombe. "Nimeshaongea na vijana wawili, wataubomoa kwa hela ya soda. Wewe nataka uje upige lipu pembeni na kusawazisha sakafu. Niambie lipu ni shilingi ngapi."

"Ngazi iko wapi?" nikamuuliza.

"Ngazi ya nini? Ukuta uko chini."

Hapo inabidi nimtaje marehemu Mzee Nambunga, aliyenifundisha kazi kule Mnero, akijenga na kukarabati nyumba za vijiji vile. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa matusi, lakini moja alilirudia kila tulipofika kwa mteja: "Bei haitajwi ukiwa chini. Panda kwanza." Maana ukuta haukuambii kazi yake ukiwa umesimama mbele yake. Unapanda darini, unatazama kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, unaona zimekalia wapi. Kama zinapita juu ya ukuta bila kuugusa, huo ni ukuta wa kugawa vyumba tu, ubomoe kwa amani. Kama zimeuegemea, huo ni ukuta unaobeba. Umesimama pale miaka yote na nyumba kichwani.

Na mkipanda, kanyageni mbao, msikanyage silingi bodi. Mara yangu ya kwanza kupanda, kule Mnero, nilikanyaga bodi, na mguu wangu ukatokea upande wa pili, ukaning'inia juu ya sinia la ugali la familia ya watu. Baba wa nyumba akautazama ule mguu, akasema "Karibu," akaendelea kula. Mzee Nambunga alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo ndiyo nilijifunza kwamba hata kutazama kuna gharama yake.

Basi, ngazi ikaletwa. Nikapanda. Kenchi za Bwana Mfaume zote zilikuwa zimekalia ukuta ule, zimetulia kama kuku kwenye kitagio. Nikashuka na popo wawili mbele yangu.

"Bwana Mfaume," nikasema, "huu si ukuta. Hii ni nguzo ya nyumba yako iliyolala."

Akakunja uso. Mkewe, Bi Somoe, alikuwa amekaa kwenye mkeka anabangua korosho zilizochomwa, kimya, kama hasikii. Vijana, mkifika kwenye nyumba ya watu tafuteni yule anayefanya kama hasikii. Ndiye mwenye nyumba.

"Unataka kusema haibomoleki?" akauliza Bwana Mfaume.

"Inabomoleka. Ila kubomoa ndiyo sehemu ndogo ya gharama."

"Sehemu kubwa ni ipi?"

Nikaanza kumweleza kwa maneno, nikaona macho yake yanahama kuelekea barabarani. Bi Somoe akasogeza ungo wa korosho mbele yangu. "Nionyeshe kwa hizi, kaka," akasema. "Maneno ya mafundi nimeshayasikia mengi."

Nikachota korosho, nikaanza kuzigawa kwenye mkeka. Fungu la kwanza dogo, chache tu: hilo la kubomoa. La pili kubwa kidogo: mirunda, yaani miti ya kushikilia kenchi pande zote mbili kabla nyundo haijagusa tofali, pamoja na mbao za kuweka chini ya mirunda ili isichimbe sakafu. La tatu nikalijaza: nguzo mbili za zege na bimu ya kuvuka juu, yaani nondo, saruji, kokoto, mchanga, mbao za kufungia na ufundi. Fungu la nne wengi hulisahau: kurudisha ulichokivuruga. Waya za umeme zilizopita ukutani, sakafu pale ukuta uliposimama, silingi, lipu, rangi, na mtu wa kubeba kifusi. La tano ni la injinia kuja kutazama na kupiga hesabu ya bimu, maana mimi najua kujenga bimu, lakini unene wake na nondo zake si jambo la kukisia.

Halafu nikaweka fungu la sita pembeni, peke yake.

"Na hilo?" akauliza Bi Somoe.

"Hilo ni la tusilolijua. Nyumba ya zamani haisemi yote mpaka uichokoe. Hilo haliguswi mpaka nyumba iseme."

Nilipogeuka kuyatazama mafungu yote, nikaona la sita limepungua. Bwana Mfaume alikuwa anatafuna.

"Bwana Mfaume," nikasema, "unakula dharura yako."

Bi Somoe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akakusanya korosho zilizobaki za fungu lile, akazifunga kwenye pindo. "Hili nitalishika mimi," akasema. Na hela yake halisi akaishika yeye pia, kuanzia siku ile. Ukipata nyumba ambayo dharura haishikwi na mwenye hamu ya kazi, mshukuru Mungu, umepata mteja.

Bwana Mfaume alinuna siku kadhaa, maana runinga aliyoitaka ilibidi ipungue ukubwa. Lakini akakubali.

Injinia aliyekuja alikuwa binti mmoja mdogo wa umri, kavaa buti zilizochakaa kweli, si za maonyesho. "Shikamoo, mzee wangu," akanisalimia, akapanda ngazi kabla hajaombwa, nikampenda hapo hapo. Mimi nilikuwa na mawazo ya kukalisha bimu juu ya kuta za pembeni, kama tulivyozoea. Akakwaruza lipu kwa msumari, akaonyesha tofali za ndani.

"Hizi zilichomwa nusu, mzee. Zinabeba sasa kwa sababu mzigo umetawanyika. Ukiukusanya mzigo wote kwenye ncha mbili, zitapondeka. Nguzo ziwe na msingi wake zenyewe, na tuchimbe tuone kuna nini chini."

Nikamwambia amesema kweli. Mimi nilikuwa na mazoea, yeye alikuwa na hesabu, na siku hiyo nyumba ilihitaji hesabu. Msione haya kumwita mtu kama huyo. Gharama yake ni ndogo kuliko bati moja likianguka na familia ikiwa chini yake.

Tukaanza kiangazi kikiwa kimekolea. Zamani mirunda tulikwenda kuikata wenyewe, siku hizi mnakodi hata mabomba ya chuma yenye skurubu, mnazungusha tu. Sisi tulitumia miti na kabari. Kabari inagongwa polepole, unasikiliza. Ukigonga kwa nguvu unanyanyua kenchi, na misumari ya bati inaanza kulia. Unataka mrunda upokee mzigo tu, usiushindanie. Ukuta nao unabomolewa kuanzia juu, tofali moja moja. Anayeanza chini anataka kuzikwa. Na tofali zima usilivunje: tulizipanga uani rundo zima, na kifusi jirani yetu alikichukua mwenyewe kujazia uwanja wake, kwa hiyo sehemu ya fungu la nne ikabaki mfukoni. Bwana Mfaume akachangamka. Akaanza kuizungumzia tena runinga kubwa.

Ndipo tukachimba msingi wa nguzo ya pili, na nyumba ikasema.

Upande wa kwanza tulikuta ardhi ngumu kabisa, sululu inarudi na cheche. Upande wa pili sululu ikazama kama kwenye uji. Tukachimba, tukachimba, tukatoa majivu, vigae vya vyungu, na ndala moja. Bwana Mfaume akasimama ukingoni, akashika kiuno.

"Hili ni shimo la nini ndani ya nyumba yangu?"

Mama yake mzazi, bibi mzee aliyekuwa akishinda barazani, ndiye aliyejibu kwa sauti yake nyembamba. "Hapo baba yako alichimba udongo wa kufyatulia tofali za nyumba hii. Kisha akajaza takataka, akajenga juu. Nilimwambia."

"Ulimwambia nini, mama?"

"Nilimwambia asogee kidogo. Akasema wanawake hawajui kujenga."

Bi Somoe akamtazama mumewe. Bwana Mfaume akatazama shimo.

Injinia akarudi, akapima, akasema msingi wa nguzo ile ushuke mpaka ardhi ngumu na upanuliwe. Maana yake saruji zaidi, kokoto zaidi, nondo zaidi, siku zaidi za vibarua. Nilijua mafundi ambao wangejaza mawe wakanyamaza. Na nilijua wateja wengi ambao hapo ndipo hela huisha, mirunda ikabaki imesimama mwaka mzima, nguo zinaanikwa juu yake. Bi Somoe aliingia chumbani, akatoka na hela, akanikabidhi mbele ya mumewe.

"Fungu la sita," akasema. Lilitosha, likabaki kidogo sana.

Tukamwaga zege la nguzo, likashika, tukafunga mbao za bimu, tukasuka nondo, tukamwaga bimu. Kazi nzuri ile, nasema bila aibu. Injinia akaagiza mirunda isiguswe wiki nne, na kila siku tumwagilie maji, tufunike kwa magunia. Nikamweleza Bwana Mfaume, akaitikia kwa kichwa. Nikarudi Nachingwea nikijua nimeeleweka.

Kumbe alikuwa na lake. Wiki ya pili, timu ya nyumbani ilikuwa inacheza na timu kubwa ya Dar, naye alikuwa ameshampa kijana wa bodaboda spika azunguke mitaani kutangaza ukumbi mpya. Nilipata habari kwa simu ya Bi Somoe: "Kaka, njoo. Huyu anatazama mirunda kwa jicho baya."

Nikapanda gari la asubuhi. Nilipofika, runinga ilikuwa imeshafungwa ukutani upande wa mbele, mabenchi yamepangwa nyuma, na katikati msitu wa mirunda. Bwana Mfaume alikuwa amekaa benchi la mwisho, anainamisha kichwa kushoto, kulia, kama kuku anayetafuta pa kupita.

"Fundi, umekuja vizuri. Hapa nilipo naona goli moja tu."

"Wiki nne, Bwana Mfaume."

"Zege limekauka! Nimeligonga, linalia kama chuma."

"Nje limekauka. Ndani bado changa."

"Basi utoe miwili tu, ya katikati. Watu wakitoka nairudisha."

"Hiyo ya katikati ndiyo inayobeba zaidi. Na mrunda ukishatoka, bimu ikashuka hata unene wa kucha, hairudi. Inabaki na ufa ndani, unasubiri siku ya watu wengi."

Akasimama. Yule mcheshi hakuwepo tena. "Fundi, nimetangaza. Watu wanatoka mpaka Namungo. Nimetumia ufuta wote kwenye nyumba hii. Wakifika wakakuta kumefungwa, nani atarudi? Nyumba ni yangu, na nyundo ninayo."

Na kweli nyundo alikuwa nayo. Ilikuwa imeegemezwa kwenye benchi. Hapo nilikuwa nimebanwa, maana kazi ni yako mpaka mirunda itoke, lakini nyumba ni ya mtu. Sikuwa na polisi, wala sikuwa na nguvu za kushindana na mtu mnene kama yule. Nilichofanya ni kwenda kusimama nikiwa nimeshika ule mrunda wa katikati.

"Basi anza na mkono wangu," nikamwambia.

Tukatazamana. Huko nje sauti ya spika ya bodaboda ilikuwa inakaribia. Bi Somoe akaingia na kigoda chake, akakiweka mlangoni katikati kabisa, akakaa, akapanga khanga yake vizuri.

"Atakayeingia humu leo," akasema, "aanze kunihamisha mimi. Nina watoto wanaolala nyumba hii, Baba Zuhura. Sitaki kuwaambia kwamba baba yao aliona magoli mawili badala ya moja."

Bwana Mfaume alikaa chini taratibu. Akasema kwa sauti ndogo ya mtoto, "Sasa watu nitawaambia nini?"

"Runinga ina miguu?" akauliza Bi Somoe.

"Haina."

"Basi ibebeni."

Tukaibeba. Tukaiweka barazani, ikitazama uani, tukafunga turubai juu na pembeni kuzuia jua la jioni, tukavuta waya kupitia dirishani. Mabenchi hayakutosha, watu wakakalia tofali za ukuta uliobomolewa. Kiingilio kilikusanywa getini na bibi mzee mwenyewe, ambaye hakumsamehe mtu hata sumni. Timu yetu ikafungwa. Wakaondoka wanalaumu refa, turubai, jua, na mtu mmoja akasema mirunda ile ina nuksi, aliiona kupitia dirishani. Lakini wakauliza mechi ijayo ni lini.

Wiki nne zilipotimia, injinia akaja, nikavuta uzi chini ya bimu kutoka nguzo hadi nguzo, nasi tukaanza kulegeza kabari. Mnaanzia katikati mkielekea kwenye nguzo, kidogo kidogo, huku na huku, msitoe wote upande mmoja. Kila mrunda ulipotoka tulitazama uzi. Bimu haikushuka kuugusa. Mrunda wa mwisho ulipolala chini chumba kikawa kikubwa ghafla, hata sauti zetu zikabadilika. Bwana Mfaume akatembea kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, akarudi, akatembea tena. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nilialikwa mechi ya kwanza ndani ya ukumbi. Nikapewa kiti cha heshima, soda, na sahani ya pilau. Watu walijaa mpaka madirishani, vijana wamekaa chini, wazee kutoka huko Chunyu wamekuja na mito yao ya kukalia. Nami nilikaa pale nikijitahidi kutazama mpira kama watu.

Karibu na mwisho, timu yetu ikapata goli. Sijui lilivyofungwa. Nilichosikia ni mlio kama ngurumo, ukumbi mzima umeruka kwa pamoja, miguu inatua sakafuni kwa kishindo, vumbi linapanda, na mimi nimekaa vile vile, shingo imegeuka juu, natazama bimu. Nilitazama katikati, nikatazama ncha ya kwanza, nikatazama ile ya upande wa shimo. Haikutikisika. Hata vumbi la lipu halikudondoka.

Niliposhusha macho, nikaona kwamba katika watu wote wale kuna mwingine mmoja tu ambaye hakuruka. Bwana Mfaume alikuwa amesimama nyuma ya mabenchi, mdomo wazi, naye anatazama juu. Macho yetu yakakutana. Akacheka, nami nikacheka.

Mpaka leo nikienda Ruangwa, watu bado wanalisimulia lile goli, jinsi mpira ulivyopinda, jinsi kipa alivyobaki amesimama. Mimi na Bwana Mfaume huwa tunaitikia tu kwa vichwa. Nasikia lilikuwa zuri sana.